Mikono ya Mwalimu wa Maabara

Mtu aliyenitia kinyaa kuliko wote niliowahi kukaa nao ndiye aliyekuwa akinawa mikono kuliko wote. Alitufundisha maabara katika shule ya misheni ya wasaidizi wa tabibu, vilimani huko, mwendo wa siku nzima kwa lori kutoka Iringa mjini wakati wa mvua. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, enzi za Mwingereza. Jina la ubatizo alikuwa nalo, tena zuri, lakini sisi wanafunzi tulimwita Bwana Kanawe, maana hilo ndilo neno alilotupokea nalo asubuhi na kutuaga nalo jioni. Naandika habari zake kwa sababu kuna jambo nililomfanyia likamharibia heshima yake yote, nami nikalinyamazia miaka mitano. Nitalifikia. Kwanza niseme jinsi alivyokuwa akinichafua roho.

Alinuka kaboliki, dawa ya kuulia vijidudu. Si kunuka kidogo, alinuka hata akiwa kanisani, hata ukiwa umekaa benchi la nyuma yake na uvumba unafuka. Mikono yake ilikuwa imebabuka kwa dawa na sabuni, ngozi inatoka vipande vipande kama ganda la kitunguu, na vile vipande vilidondokea kwenye daftari la mahudhurio. Akikuita jina alipitisha kidole juu yake, halafu anapuliza. Nilikuwa naangalia pembeni. Kila asubuhi kabla ya somo alikwenda dirishani, akakohoa kutoka kifuani kabisa, akatema ndani ya kopo lenye mfuniko, akafunika, akanawa, ndipo akatugeukia na kusema, "Mate yana mahali pake." Hayo tuliyashuhudia uji ukiwa bado haujatulia tumboni.

Juu ya meza yake palikuwa na chupa kubwa ya fomalini yenye tegu mzima ndani, mweupe, amejikunja mara nyingi hata hujui anaanzia wapi. Alimwita Mpangaji. "Msalimieni Mpangaji," alisema siku ya kwanza, "alikula vizuri kuliko mwenye nyumba." Kisha akatuambia yule mzee aliyemtoa alikuwa amekula nyama gani, iliivaje, na mnyoo ule ulitokaje, urefu kwa urefu, mganga akiuvuta kwa kijiti. Mwenzangu wa benchi, Msafwa mmoja kutoka milima ya Mbeya, aligeuza uso akatazama ukuta. Mchana huo jikoni palipikwa nyama, ikabaki.

Siku hiyohiyo ya kwanza alinishika mkono wangu wa kulia. Alikwangua chini ya kucha zangu kwa kijiti cha kiberiti, akaweka uchafu ule kwenye kioo, akatia tone la maji, akaupeleka kwenye hadubini.

"Umekula nini asubuhi?" aliniuliza, jicho bado liko kwenye lenzi.

"Uji na ndizi, Mwalimu."

"Na yai," alisema.

"Sikula yai, Mwalimu."

"Njoo ulione."

Nikainama nikaliona, la duara, la kahawia, limetulia. Yai la mnyoo. Darasa zima likapanga foleni kutazama uchafu wa kucha zangu. Nilitamani ardhi inimeze. Tangu siku hiyo nilimchukia, na chuki yangu niliiita kinyaa kwa sababu ilikuwa na heshima zaidi.

Masharti yake hayakuwa na mwisho. Penseli ya maabara ilifungwa kwa uzi kwenye benchi, isitoke nje, isiingie mdomoni, isikae sikioni. Lebo za gundi hazikulambwa, zilipitishwa kwenye kitambaa kilicholowa. Nilisahau mara moja tu, nikatoa ulimi. "Ukiilamba lebo umemlamba mgonjwa," alisema, na akanieleza mgonjwa wa chupa ile alikuwa na nini na wapi. Kula humo ndani ilikuwa mwiko. Siku moja alikamata pera mfukoni mwa mwanafunzi, akalichukua kwa koleo, akalitumbukiza kwenye ndoo ya dawa mbele yetu, pera lililoiva vizuri, linanukia chumba kizima. Lile pera linaniuma hadi leo.

Lakini yeye mwenyewe mikojo alikuwa akiivuta kwa mdomo. Siku hizo hapakuwa na namna nyingine. Unatia mrija wa kioo kwenye chupa, unavuta pumzi polepole mpaka mkojo ufike kwenye mstari, unaziba kwa kidole. Sisi alitulazimisha tuzibe kwa pamba sehemu ya juu. Yeye hakuweka, alikuwa na majivuno ya mtu mwenye kazi yake. Asubuhi moja alivuta huku anazungumza, ukampitia. Tukaona koo lake likishuka na kupanda. Alitema, akasukutua, akasukutua tena, akajifuta, akasema kwa sauti ileile ya somo, "Chumvi imezidi. Huyu anywe maji." Nilitoka nje nikatapika kwenye maua ya masista. Kuanzia siku hiyo naye aliweka pamba, lakini mimi sikutaka kuyaona hayo mabadiliko. Nilitaka kubaki na picha ya koo lile.

Inanibidi niwe mkweli, kuna jingine. Mwenzangu Msafwa alijaza spiriti kwenye taa iliyokuwa bado inawaka. Moto uliruka ukashika benchi na mkono wake wa shati. Bwana Kanawe alivua koti lake, la pekee alilokuwa nalo, akamrukia akamfunika nalo, akambana chini mpaka moshi ukakoma. Koti likaisha. Kisha akamzaba kofi ambalo liliwaleta masista mlangoni, na kabla kofi halijapoa akaanza kulia machozi. Wiki nzima alimpeleka Msafwa nyumbani kwake kula mayai. "Huyu mzee ana wazimu," Msafwa aliniambia, "lakini mkewe anapika." Mimi nilimuuliza tu kama mikono ya mzee ilifika karibu na chakula.

Somo alilolirudia mpaka tukachoka lilikuwa la pua. Alileta vikombe viwili. Kimoja kilikuwa na kitu kilichotufanya tuzibe nyuso zetu kwa aproni. Kingine kilikuwa na maji meupe, safi, ya kisima cha chini ya hospitali.

"Ukilazimishwa kunywa, unakunywa kipi?"

Tulicheka. Nani hajui?

"Hiki kinachonuka nimekichemsha saa nzima," alisema. "Humo hakuna kiumbe anayepumua. Haya meupe njooni muone." Tukaona vidudu vinaogelea kwenye kioo. "Kinyaa chenu kinawadanganya, wanangu. Mnakimbia kinachonuka. Kisichonuka nani anakikimbia?" Na tangu hapo mwanafunzi akisema chombo ni safi, amekinusa, yeye humjibu, "Umenusa? Basi pua yako iandike ripoti."

Sasa nieleze habari za mbeta, maana bila hiyo hamtanielewa. Kwetu ulanzi, pombe ya utomvu wa mwanzi, hugemwa wakati wa mvua, na kipande cha mwanzi kinachokingiwa ndicho mbeta. Mbeta ndogo ni kikombe pia. Nyumba haikosi mbeta, na mbeta iliyochongwa vizuri hairushwi ovyo, mtu huirithi. Watu wa vijijini walipoambiwa walete choo au makohozi hospitali, makopo watayatoa wapi? Walileta kwenye kiberiti, kwenye jani la mgomba, na kwenye mbeta. Bwana Kanawe alipomaliza kupima alichukua kisu, akakata pengo dogo kwenye mdomo wa mbeta, alama yake, kisha akaitupa shimoni nyuma ya maabara ichomwe. Hakurudisha hata moja.

Namkumbuka mama mmoja mjane aliyekuja kuidai yake. Alisimama mlangoni, kanga imelowa mvua.

"Kamwene, mwalimu. Mbeta yangu munipe, niende."

"Kamwene, mama. Hiyo hairudi."

"Si nitaiosha mwenyewe? Mume wangu aliichonga kabla hajafa. Mimi sina kingine cha mkono wake."

"Najua, mama. Hairudi."

Alikata pengo mbele ya macho yake. Yule mama alimwita mchawi kwa Kihehe na kwa Kiswahili, akaondoka akilia. Nikaona ukatili mtupu. Wanafunzi wote tulisema hivyo, na kijijini walisema zaidi, kwamba anazikusanya mbeta za watu ajue siri za matumbo yao.

Na ulanzi aliupenda! Hapo ndipo roho yake ilipokuwa. Msimu ukifika aliukalia na wazee hadi jua linazama, akiimba kwa sauti mbaya. Ila hakunywea kikombe cha watu. Alitembea na kikombe chake cha bati ndani ya mkoba, mbeta ikizunguka ikamfikia alimimina kwenye bati lake, akairudisha. Kwetu hiyo ni kumwambia mwenyeji kwamba mdomo wake mchafu. Wazee walimvumilia kwa sababu aliwatibu.

Zamu yangu ya kuchoma shimo ilifika wiki ya Pasaka. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo na moto haukushika. Nilikuwa nimesimama pale nachokoa rundo kwa kijiti, nimebana pumzi, nikaiona mbeta moja imelala pembeni, nyembamba, laini, imechongwa vijistari shingoni. Mvua ilikuwa imeiosha hadi ndani ikawa nyeupe. Niliiokota kwa majani. Nikainusa. Haikunuka chochote, ilinuka mvua. Pengo lilikuwepo mdomoni, dogo. Niliona, sitadanganya. Niliikwangua kwa kisu mpaka mdomo ukawa sawa, nikaisugua kwa mchanga, nikaisuuza mara tatu mtoni. Nilijiambia kwamba pengine ilileta makohozi tu, na makohozi yalishatoka. Kuchoma mbeta nzuri kama ile kulinishinda.

Jumatatu ya Pasaka wanafunzi tulinunua ulanzi, tukamwalika mwalimu wetu. Alikuja ameoga, furaha usoni, mkono tayari unatafuta bati mkobani. Nikamzuia. Sababu zangu zilikuwa mbili na bado sijui ipi ilikuwa kubwa. Nilitaka siku moja anywe kama mtu. Na nilitaka kumwona ameshindwa.

"Mwalimu, leo usitutenge," nilisema. "Hii mbeta ni mpya. Nimekuchongea wewe. Hajainywea mtu."

Akaishika kwa mikono yake iliyobabuka. Akaitazama vijistari, akanitazama mimi. Macho yalimlowa. "Umenichongea mimi?" Wenzangu wakapiga makofi. Akaijaza, akanywa yote, akaomba nyingine. Siku nzima aliinywea mbeta ile, akaondoka nayo kwapani.

Wiki ya pili alianguka na homa ya matumbo. Hakuanguka mwingine. Sisi tulinywea vikombe vyetu. Alilala wadi ya nyuma, tukampima sisi wenyewe, damu yake na choo chake, kwa mafunzo yake, na mimi nilishika kioo chenye choo cha mwalimu wangu nikazuia matapishi kwa meno. Siku kadhaa hakujua yuko wapi. Alikuwa anasugua mikono hewani. Nilitafuta ile mbeta nyumbani kwake nikisingizia kumsaidia mkewe kufua, nikaichoma.

Alipona. Lakini daktari wa misheni alisema homa ile hakuitoa kwingine ila kwenye benchi lake mwenyewe, na Mkuu wa shule alitukusanya uwanjani. Bwana Kanawe alisimama pembeni amekonda, suruali imefungwa kwa kamba.

"Mnamwona?" alisema Mkuu. "Miaka yote anawaambia mkanawe. Kumbe yeye hanawi. Huu ndio uzembe unaoua, na hatuwezi kumwachia wanafunzi."

Nilikuwa mstari wa pili. Kinywa changu kilikuwa na ulimi ndani yake. Nilijiambia nitasema baada ya mtihani, maana nikisema kabla nitafukuzwa. Mwalimu alitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama tena, kama anamtafuta mtu aliyemsaliti. Aliondoka na lori la mahindi, na Mpangaji akaachwa mezani. Mtihani ulipita, nikafaulu. Sikusema.

Miaka mitano baadaye nilikuwa Mbeya, msaidizi wa afya mwenye baiskeli, nikatumwa Chimala kukagua visima vya mashamba ya mpunga. Kwenye zahanati ndogo niliona mzee anachemsha sindano. Harufu ndiyo ilinitangulia kumtambua.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Aliacha sindano, akaniangalia. "Mchonga mbeta!" Alicheka kwa furaha hata ikanichoma. "Twende nyumbani. Mke wangu akikukosa atanigombeza."

Mkewe alipakua wali na kambare kwenye sinia moja, mimi na yeye tukaketi mkekani. Mwalimu alichukua sahani yake ya bati na kijiko, akaenda kukaa peke yake karibu na mlango.

"Usimshangae," mkewe aliniambia polepole. "Tangu ile homa. Hata wajukuu hawabebi."

"Lakini si ulipimwa, Mwalimu?"

"Mara tatu, Mbeya. Wanasema safi." Alitafuna kidogo. "Ila mikono iliyokosea mara moja bila mwenyewe kujua, utaiaminije? Nimefikiri sana, mwanangu. Kwanza nilisema ni ule mrija. Halafu nikasema ni kucha. Mwisho nikasema, basi, ni mikono yote miwili." Aliinyanyua nikaiona. Ilikuwa imepasuka hadi kwenye nyama, mipasuko mikavu yenye damu nyeusi, mikono ya mtu aliyejisugua kila siku kwa miaka mitano. Nimeona mengi kwenye vioo vya hadubini. Sijaona kitu kilichonichefua kama ile mikono, na safari hii nilijua kichefuchefu kinatoka kwa nani.

"Mwalimu," nilisema, "ile mbeta niliitoa shimoni."

"Shimo gani?"

"Letu. La kuchomea."

Kijiko kilisimama. Akaniuliza kama alivyokuwa akituuliza darasani, moja baada ya jingine.

"Ilikuwa na pengo?"

"Ilikuwa nalo. Nilikwangua."

"Uliichemsha?"

"Niliisuuza mtoni."

"Ukainusa."

"Nilinusa, Mwalimu."

Aliweka sahani chini. Akaikunjua mikono yake magotini, akaitazama mgongo, akaitazama viganja, taratibu.

"Kwa hiyo haikuwa ninyi," aliiambia mikono.

Kisha alisimama, akanawa kwa sabuni mara moja tu, akaja kuketi mkekani ubavuni mwa mkewe. Akaingiza mkono wake wa kulia kwenye sinia, akafinyanga tonge la wali, akala. Mkewe aliacha kutafuna. Akamtazama mumewe, akaanza kulia bila sauti, kisha akamsogezea kipande cha samaki.

Nikadhani yamekwisha. Nilikuwa na njaa, na nilikuwa nimepungukiwa na mzigo. Nikanyoosha mkono kwenye sinia.

Aliinua macho. Nililitambua lile jicho, maana ndilo nililomwangalia nalo yeye kwa miaka miwili, kila alipopuliza daftari, kila alipokohoa dirishani.

"Kanawe," alisema.

Nilitoka nje kwenye kopo la maji. Nilinawa, nikasugua kucha, nikanawa tena mpaka sabuni ikabaki kama punje ya hindi. Ndani niliwasikia wakizungumza kwa sauti ya chini na mkewe akicheka. Nilisimama pale mikono inadondosha maji, nikingoja kuitwa, mpaka nikamsikia mkewe anakusanya vyombo.